Nilirudisha kahawa isiyoona jua, nikamficha mwanangu gizani

(Mwenye barua hii ni msomaji wetu wa upande wa Muleba. Jina lake tunalo, nanyi hamtalipata.)

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na tisa, Mlutheri, nina mke mmoja na watoto wawili. Naishi Kishanda. Shule nilisoma miaka miwili tu. Yaliyobaki nilijisomea katika magazeti yanayofungiwa sukari dukani, ndiyo maana habari nyingi ninazozijua hazina mwisho. Kazi yangu ni kukagua kahawa ya maganda kituoni. Mkulima akileta gunia, nachota kiganja, natikisa karibu na sikio. Ikilia, imekauka. Ikinyamaza namwambia, "Rudi ukaianike, waitu, ndugu yangu. Jua ni la bure." Nimesema hivyo miaka kumi na moja, na wengi wananichukia kwa hilo.

Mtoto wangu wa kwanza, nitamwita Koku, alizaliwa mweupe kama ndizi iliyomenywa. Watu walitoka mbali kumtazama, nami nikavimba kichwa. Kwetu mzazi hukaa ndani na mtoto kwa siku zake, hiyo ni desturi. Siku zikaisha, mimi nikaziongeza. Nilimwambia mke wangu, "Rangi hii jua lisiiguse." Nyumba yetu ni msonge wa nyasi wenye mlango mmoja na kidirisha, na migomba ya kibanja, shamba letu la nyumbani, imeizunguka pande zote. Koku akakaa humo zaidi ya mwaka, ananyonya, ananenepa. Wageni wakija namsogeza mlangoni kidogo, kama mtu anayeonyesha saa mpya, kisha namrudisha.

Mama mkwe wangu alikuja kututembelea kutoka Kimwani. Siku moja narudi kazini namkuta ameketi uwanjani kwenye mkeka wa kahawa, Koku yuko uchi pembeni yake anachezea maganda.

Nikasema, "Mama, huyo si kahawa."

Akacheka. "Najua, mkwe wangu. Kahawa ina bahati, umeitandikia mkeka. Huyu mwenzake ananuka moshi."

"Utamharibia rangi."

"Rangi ataila?"

Niliingia ndani, nikafunga kahawa ya kutafuna kwenye jani la mgomba, vizuri kabisa, kama anavyofungiwa mgeni anayeanza safari. Nikampa kwa mikono miwili, na yeye hata hajaaga. Alikitazama kile kifurushi, akasema, "Asante, tata," yaani baba, akaenda kuchukua kanga yake. Mpaka leo hajakanyaga kwangu.

Koku alichelewa kutembea. Alipotembea, miguu ilijipinda kama pembe za ng'ombe wa Karagwe. Jirani yangu mmoja, akiwa amelewa lubisi, pombe yetu ya ndizi, akaniambia mbele za watu, "Bwana mkaguzi, hapo katikati ya magoti ya binti yako mbuzi anapita bila kuinama." Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Nyumbani mke wangu alilia, akauliza tumemkosea nani. Ndipo nikatamka neno ambalo ningelikata kwa kisu kama lingekuwa kamba: "Tangu mama yako amvue nguo pale uwanjani, mtoto hajawa sawa. Jicho lake si zuri." Mke wangu alinyamaza siku mbili. Ya tatu akaniamini.

Mimba ya pili ilipomlemea, nilimpeleka Koku hospitali ya Bukoba mwenyewe kwa lori. Muuguzi, mama wa makamo, alimshika viwiko, akamshika magoti, akaniuliza, "Mchana mnamweka wapi huyu?"

"Ndani."

"Anaumwa?"

"Hapana. Ni mweupe."

Akasema, "Sikiliza, tata. Jua likipiga ngozi, mwili hujitengenezea kitu kiitwacho vitamini D. Hicho ndicho kinachosaidia chokaa ya chakula iingie mifupani. Maziwa ya mama peke yake hayana ya kutosha. Mifupa ya huyu imebaki mibichi kwa kukosa jua. Bado mdogo, itanyooka." Akanipa chupa ya mafuta ya ini la samaki, akaagiza mtoto akae juani kila siku. Kisha akauliza, "Unafanya kazi gani?"

Nikasema mimi ni mkulima.

Nyumbani mke wangu aliuliza wamesemaje. Nikajibu, "Wamempa mafuta ya nguvu." La jua nikalimeza, maana nikilisema namsafisha mama yake na najichafua mimi. Tangu hapo kila asubuhi nampakia Koku kwenye baiskeli, namketisha kwenye mikeka ya kituoni. Mke wangu anadhani nampunguzia kazi. Wakulima wanasema, "Leo mkaguzi ameleta gunia lake." Mmoja ambaye nimemrudisha mara tatu aliuliza kama huyu akitikiswa analia.

Miguu inanyooka, wasomaji. Hapo ndipo nimenaswa. Mke wangu anaipima kwa macho kila jioni, anasema, "Unaona? Mama hafiki tena, mtoto anapona." Sasa amejifungua wa pili, mweupe kuliko wa kwanza. Dirisha ameliziba kwa jamvi, na ameapa huyu hatatolewa nje mpaka atembee, jicho la bibi yake lisimpate. Nikisema, "Mtoe kidogo," ananijibu kwa maneno yangu mwenyewe, hajaacha hata moja.

Juma lililopita mama mkwe alituma mtu na mkungu wa ndizi na salamu: "Muulizeni mkwe wangu, nije nimwone mjukuu, au kahawa yangu imeshafungwa?"

Mjumbe huyo anarudi Jumamosi kuchukua jibu. Nikikiri, mke wangu atajua kwamba nilimfanya amchukie mama yake bure, nikamwacha alie wakati majibu nilikuwa nayo mfukoni. Nikinyamaza, yule mdogo atapinda kama dada yake. Nishaurini, wenzangu: nianze kwa mke au kwa mama yake, na neno la kwanza liwe lipi? Msikawie kunijibu. Mtoto ana wiki tano, na lile jamvi la dirishani nimelishona mimi.