Mwanasayansi ni Yule Mwenye Miwani

Kwetu Butembo, mwanasayansi tulimjua vizuri sana, hata sisi ambao hatukuwahi kumwona. Ni mwanaume. Ni mzee. Ana miwani mizito na bluzi nyeupe, lile koti la maabara, nywele zake hazijui kitana, na ukimsalimu haitikii kwa sababu anafikiri. Na kama Mungu amependa, ni mzungu.

Nadhani picha hiyo ilianza na padri mmoja wa misioni, mzee wa kizungu aliyekuwa anakamata vipepeo na kuwaweka kwenye chupa. Mama zetu walitutisha naye: usipooga, padri atakuweka kwenye chupa. Halafu kikaja kitabu cha darasa la kwanza la sekondari. Ukurasa wa mwanzo alichorwa mwanaume mwenye ndevu, ameinua chupa inayotoa moshi. Na wakati wa vita, wakati biashara zilikuwa zimelala na vijana hawakuwa na kazi, zikaja sine za video, vibanda vya kuonyesha filamu. Pembeni ya televisheni alisimama mtu na fimbo, anatafsiri kwa sauti kubwa. Kila alipotokea mwenye bluzi nyeupe anachanganya maji yake, mtafsiri alipiga kelele, "Huyu njo mulozi ya bazungu! Muangalie muzuri, ataharibu dunia!" Watu wakapiga makofi.

Sasa mimi nilikuwa mwalimu wa kemia. Mwanamke, mfupi, kitenge kiunoni, na mvua ikinyesha navaa kandambili za plastiki na viatu navibeba mkononi. Niambie wewe ningefanana na nini. Hata wanafunzi wangu, nikiingia darasani siku ya kwanza, waliniuliza prof wa kemia anakuja saa ngapi. Niliwafokea. Nina hasira ya karibu mimi, sifichi.

Aliyenilea ni mama mukubwa, dada mkubwa wa mama yangu. Mama yangu alikufa nikiwa bado nabebwa mgongoni. Mama mukubwa aliuza kasikisi, pombe yetu ya ndizi iliyokaa kwenye bidoni, dumu la plastiki, mlangoni kwake pale mtaani Mususa, benchi mbili chini ya mabati, na watu wa heshima zao walikuja kunywa, wakaongea, wakarudi kwao. Masomo yangu yote yalitoka kwenye zile ndizi. Hakuelewa kamwe nasoma nini.

"Chimie njo nini?" aliniuliza nilipopata diploma.

"Ni kama vile kasikisi yako, mama. Juu ya nini leo iko tamu, kesho inakuwa kali."

"Aka!" Akacheka mpaka akakaa chini. "Miaka yote ile kwa masomo, kumbe ulikuwa unasoma bidoni yangu! Ungeniuliza tu, ningekuambia."

Majirani wakacheka naye, na mimi nikacheka. Nilimpenda mama yule kuliko mtu yeyote duniani.

Wakati ule Beni na Butembo zilikuwa mikononi mwa waasi, na waasi wenyewe walikuwa wanagawanyika kila mara, leo huyu, kesho yule. Kila komanda aliogopa risasi kidogo na sumu sana. Hapa kwetu sumu ina jina, karuho. Wanasema mtu anaificha chini ya ukucha, anakupa kikombe kwa heshima, anachovya kidole, na wewe unakauka polepole mpaka unabaki mifupa. Nani amewahi kuiona? Hakuna. Nani haiogopi? Hakuna. Hata mimi na diploma yangu, kwenye msiba nilikuwa nakunywa kinywaji nilichofunguliwa machoni pangu.

Basi askari mmoja, mlinzi wa komanda wa pale kwetu, alitoka Kasindi, mpakani, akisindikiza lori. Njiani alikula samaki wa kukaanga, samaki wa kupangwa juani, alisema mwenyewe baadaye. Akafika Mususa, akanywa kasikisi ya mama mukubwa, akaenda zake. Jioni tumbo likamkamata: kutapika, kuharisha, jasho. Na samaki hakuna aliyemtaja. Wote wakasema karuho.

Mimi sikujua kitu. Nililala kwa rafiki yangu karibu na shule, na asubuhi nilikuwa darasani. Nikasikia jeep inaingia uwanjani. Nikachungulia dirishani, nikamwona mama mukubwa ameketi nyuma kati ya askari, bila kitambaa kichwani. Mama yule hakuwahi kutoka nje bila kitambaa. Pembeni yake bidoni ya njano, ile yake. Nikaacha chaki, nikakimbilia chumba cha walimu.

Komanda alikuwa kijana, mpole wa sauti, na hilo ndilo lilinitisha. Aliingia chumba cha walimu, prefe wetu, mkuu wa shule, nyuma yake akifuta mikono kwenye suruali.

"Nilisikia hapa kuko mutu ya chimie," akasema komanda. "Nataka apime hii pombe. Kama iko sumu, aseme. Kama haiko, huyu mama arudi kwake. Miye siui mutu bure."

Nikasema, "Ni miye, komanda. Ni miye mwalimu wa chimie."

Akanitazama kuanzia kitenge mpaka kandambili. Hakunikasirikia. Alitabasamu, vile unamtabasamia mtoto aliyesema atakuwa rais.

"Ndiyo, madame. Kaa kwanza."

Macho yake yakazunguka chumba yakaangukia kwa mwalimu wa Kilatini. Alikuwa mzee kutoka jimbo jingine, mtumishi wa serikali aliyetumwa kwetu zamani na vita vikamfungia njia ya kurudi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chumvi sokoni tu, mengine yote alisema kwa Kifaransa. Alikuwa na miwani mizito iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa na koti moja tu maishani, kwa hiyo alililinda na vumbi la chaki kwa bluzi nyeupe. Nywele zake, Mungu amsamehe.

"Professeur," komanda akasema, na akavua kofia. Nakuapia, alivua kofia!

"Non, non," mzee akainua mikono. "Miye ni latin. Latin tu."

"Vieux, usiogope. Hakuna mutu atakugusa. Fanya kazi yako."

Nikasimama tena. "Komanda, huyu anafundisha Kilatini! Ufunguo wa kabati ya chimie ni huu hapa, iko kwangu! Prefe, sema basi!"

Prefe alisema, ndiyo, alisema kwa sauti ya panya kwamba kweli madame ndiye anayefundisha somo hilo. Komanda akamjibu kwamba kufundisha batoto ni kitu kimoja na sayansi ni kitu kingine. Halafu akaninyooshea mkono, akaniambia nimpe professeur ufunguo.

Ningefanya nini? Bunduki ilikuwa pale. Nikampa.

Kabati yetu ilikuwa maskini. Chupa chache zilizoachwa na mapadri, nyingi zikiwa na kichwa cha maiti, alama ya sumu, kwenye karatasi zake, na kikopo cha vile vikaratasi vya buluu, papier tournesol. Ukichovya kikaratasi kwenye kitu chenye ukali, kama limao, kinageuka chekundu. Basi. Hakijui sumu, hakijui karuho, kinajua ukali peke yake. Mzee aliniambia baadaye kwamba alichagua kitu pekee kisicho na kichwa cha maiti, akidhani hakitafanya lolote, na wote watarudi nyumbani. Maskini wa Mungu. Nilipoona kikopo mkononi mwake nilipiga kelele, "Prof, hapana hiyo!" lakini askari alikuwa amenishika bega.

Tulikuwa tumetoka nje, uwanjani. Shule nzima ilikuwa madirishani. Mzee akamimina kasikisi kidogo kwenye glasi, akachovya kikaratasi, akakitoa.

Kilikuwa chekundu. Bila shaka kilikuwa chekundu! Kasikisi yote ya Butembo, ya Lubero, ya Beni, ukichovya kikaratasi kinakuwa chekundu, hata ile ya harusi, hata ile anayokunywa askofu. Lakini watu wakavuta pumzi wote pamoja, na mwanamke mmoja nje ya ukuta akalia "Yezu wangu!" Mzee mwenyewe alitupa kikaratasi chini akarudi nyuma, naye alikuwa ameogopa.

Niliongea. Niliongea kama kichaa. "Leteni limao! Leteni maziwa ya kulala, yenye yamechacha! Nitawaonyesha, itakuwa nyekundu vilevile! Ni ukali tu, haiko sumu!" Mwanafunzi mmoja alikimbia akaleta limao, nikamshukuru Mungu. Komanda alilipokea, akalipapasa, akalitia mfukoni.

"Madame," akasema taratibu, "savant, mutu ya sayansi, ameshamaliza. Uheshimu bakubwa."

Nikamtazama mama mukubwa pale juu ya jeep. Nilitaka anione, ajue kwamba mtoto wake yuko pale na anajua ukweli. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anaangalia kile kikaratasi chini kwenye vumbi, mdomo wazi.

Wakampeleka Beni. Nilimfuata kesho yake na chakula na kitambaa cha kichwa. Walimfungia kwenye nyumba moja ya commune ya Ruwenzori, mtaa mmoja wa Beni, na mlango huo niliujua vizuri, maana nilikaa mbele yake siku baada ya siku. Nilipata ofisa mmoja aliyesoma kidogo, nikamwonyesha kikaratasi na limao. Aliangalia kwa makini kabisa. Akanisifu. Akasema nina akili sana, kwamba mwanaume atakayenioa atakuwa na bahati, na akaniuliza kama hata bwana wa miwani, yule savant, anakubali maneno hayo. Nilirudi kukaa chini. Nililia kwa hasira, na kilio cha hasira hakituliziki kwa "pole, mama".

Na yule askari mgonjwa? Alipona! Baada ya siku chache alikuwa anauza sigara kwenye kizuizi cha barabara, mashavu yamejaa. Nikafikiri sasa watamwachilia mama mukubwa. Aka! Wakasema amepona kwa sababu sayansi iliigundua sumu mapema.

Kilichomtoa mama mukubwa hakikuwa sayansi wala haki. Waasi waligombana wenyewe kwa wenyewe, komanda akakimbia na watu wake, walinzi wakaacha mlango wazi. Alitoka amekonda, nikamfunga kitambaa, tukarudi Butembo juu ya mizigo ya mihogo. Njia nzima hakuniambia zaidi ya maneno mawili matatu. Nikajiambia amechoka.

Mzee wa Kilatini alikuja kumwomba msamaha. Alipiga magoti jikoni kwetu na ile bluzi yake, machozi yanapita chini ya miwani, akasema kwa Kiswahili chake kibovu kwamba yeye hajui kitu, hajawahi kujua, yeye ni Kilatini tu. Mama mukubwa alimwinua kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye kiti kizuri, akamshukuru. Alipoondoka akaniambia, "Umeona? Benye kujua kweli hawajisifuke."

Nilikasirika. Nilisema leo yataisha. Nikachukua vikaratasi vyangu, nikakata limao mbele yake. Kikawa chekundu. Nikaenda kwa jirani kuomba kasikisi, jirani ambaye hakuna aliyewahi kumshuku. Kikawa chekundu. Maziwa ya kulala, kikawa chekundu kidogo lakini chekundu. Nyanya. Nilivipanga vyote mbele yake kwenye sahani, nikijisikia kwa mara ya kwanza tangu siku ile kwamba ninashinda, na nikasema, "Unaona, mama? Unaona?"

Aliona. Aliangalia sahani, halafu akaangalia mikono yangu, muda mrefu. Akavuta kiti chake nyuma kidogo, bila makelele, kwa adabu.

"Kila kitu unagusa," akasema, "kinakuwa na sumu."

"Mama, hapana! Ni limao!"

"Ile siku, bidoni ni nani aliosha?"

Nilikuwa nimeiosha mimi, asubuhi kabla ya kwenda shule, kwa mchanga na maji ya moto, vile alinifundisha nikiwa mdogo. Yeye alijua na mimi nilijua. Nilifungua mdomo, nikatafuta neno, na kila neno nililolijua lilikuwa la kemia.

"Sisemi kitu," akasema mama mukubwa. "Uko mutoto yangu. Hakuna mutu nitaambia."

Na kweli hakumwambia mtu. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, tukakaa nyumba moja, aliniombea kila asubuhi kwa jina, na nilipougua alinikanda miguu. Lakini chakula chake alipika mwenyewe kwenye chungu chake, na kila nilipopita karibu yake akiwa anakunywa, alifunika kikombe kwa kiganja.