Bibi Taratibu na Siri za Watu

Watoto wa mtaa humwita Bibi Taratibu, na si watoto tu. Nusu ya mama zao aliwashika mkono yeye, mkunga, katika chumba cha kujifungulia, wakimsikia akirudia neno hilo moja, taratibu, taratibu, mpaka mtoto akalia. Alipostaafu aliliacha koti jeupe hospitalini, lakini wanawake aliowazalisha hawakumwacha. Walimfuata kwenye simu. Akiamka na kubandika chai, ujumbe umeshaingia: huyu mgongo unamuuma, yule mtoto hanyonyi, mwingine hajaona siku zake na hajamwambia mtu. Alimjibu kila mmoja, na lililoingia sikioni mwake halikutoka mdomoni.

Kijana aliyempigia asubuhi ile alikuwa na adabu zake. Alimwita mama, akasema anatoka kampuni inayotunza akaunti yake ya ujumbe, kuna mtu anataka kuiingilia, na ili wamzuie amsomee tarakimu zilizoingia kwenye simu sasa hivi. Akakohoa. Bibi Taratibu akamuuliza kikohozi hicho kimeanza lini, kina makohozi au kikavu, na usingizi je, anapata? Kijana akajibu yote kwa upole. Basi akamsomea tarakimu huku akimhimiza anywe maji ya uvuguvugu, na simu ilipokatika alibaki akimwonea huruma.

Mchana akaunti ikagoma kufunguka. Alipoipigia kampuni, binti wa huduma kwa wateja akamuuliza swali la siri: jina lake la utani. Akalitaja. Binti akasema silo, limebadilishwa leo. Kumbe mwizi alikwishapita mlango huo huo. Alijifanya ndiye yeye, amesahau nywila, akaulizwa jina ambalo hata muuza mkaa analijua, na kampuni ikaridhika. Zilibaki tarakimu, na hizo akapewa na dawa ya kikohozi juu.

"Kwa hiyo, mwanangu, yeye sasa ndiye mimi. Mimi ni nani?"

Binti akamwomba radhi. Alichoweza ni kuomba akaunti ifungwe. Yaliyokwisha kusomwa yamesomwa.

Dada yake mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu na mjane, mwenye nyumba wanayoishi, aliposikia alianza kwa kufunga mlango wa sebule. Akasema jambo hili lisitoke humu. Tangu enzi za marehemu nyumba hii haijawahi kusemwa vibaya, na mkunga akijulikana kuwa siri za watu zimemponyoka, hataletewa tena hata habari ya mafua. Labda mwizi anataka vocha tu. Wangoje.

Bibi Taratibu alikuwa akizungusha kikombe kilichopoa. Alikuwa akimfikiria fundi cherehani wa pale kona. Mimba mbili zilishamtoka, sasa ana ya tatu, na anaogopa kumpa mumewe matumaini tena. Alimwandikia mkunga peke yake. Je, mume akiipata habari hiyo kwa mwizi?

"Asubuhi nilidanganywa, dada," alisema. "Nikinyamaza, mdanganyifu nitakuwa mimi."

Akavaa viatu. Alipofika mlangoni alimkuta dada amejitanda mtandio wa shughuli, mkoba begani.

"Kama ni kwenda kuaibika, tusiende kama tuliofukuzwa," dada alisema. "Nyoosha kola yako."

Wakapita nyumba kwa nyumba. Wengine walimpa pole. Mmoja alimkaripia mlangoni, mtu na elimu yake anasomaje tarakimu kwa asiyemjua, na dada alipofungua mdomo ajibu, Bibi Taratibu akamgusa kiwiko. Mwingine alikuwa amekwisha kupata ujumbe wa kuombwa vocha. Aliufuta hapo hapo, akasema aliyeuandika hakuuliza mtoto kalalaje, sasa huyo atakuwa bibi gani?

Kwa fundi walifika jioni. Cherehani ikasimama. Bibi Taratibu akamweleza yote akiwa wima, bila kujitetea. Fundi akakata uzi uliokuwa sindanoni.

"Ungenyamaza nisingejua," alisema.

"Usingejua."

"Mume wangu yuko njiani, anatoka kazini kwa baiskeli." Akapitisha kiganja tumboni, pale ambapo bado hapakuonekana kitu. "Asisikie kwa mtu mwingine, nitamwambia mwenyewe. Lakini uwepo hapa, bibi."

Bibi Taratibu akaitikia kwa kichwa. Dada ndiye aliyevuta kigoda kilichojaa vipande vya vitambaa, akavipakata vyote kwenye mtandio wake mzuri, akakaa.

"Tupo," alisema. "Taratibu tu, mwanangu."

Nje baiskeli iliegemezwa ukutani.