Jina la Shemeji Halikufutwa

Siku ile ofisini kwa kikundi chetu cha zabibu, hapa Ihumwa, tulikuwa wanne: mimi, mwenyekiti, ambaye ni mwanamke niliyecheza naye ngoma utotoni, mjukuu wangu wa kike ambaye ni fundi wa kompyuta, na shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Majina yote ninayo kichwani, siyaandiki.

Shemeji alikuwa katibu wetu. Tulipomtoa kwenye ukatibu, hakuna aliyekubali jina lake lifutwe kwenye kompyuta. Kwetu sisi kufuta jina la mtu aliye hai ni sawa na kumzika huku anakuangalia. Tukaliacha, na neno lake la siri vilevile. Kumbe anaingia kwa simu, kakaa kwake Miyuji. Kompyuta ile ndiyo inayopanga zamu za maji ya kisima. Zamu yangu ya alfajiri akaichukua yeye. Nikifika kisimani, mwenye pampu ananiambia, "Bibi, leo humo kwenye orodha." Mizabibu aliyoniachia mume wangu ikaanza kukauka. Shemeji akipita anacheka: "Si uniuzie tu hizo kuni?"

Kuni! Nikamwita mjukuu.

"Bibi, Unix, huu mfumo unaoendesha kompyuta yenu, ni imara," akasema, "ila mmeiachia wazi milango ya kuingilia kwa mtandao." Akafunga milango isiyotumika. Akakataza mtu kuingia kwa mbali kwa neno la siri peke yake. Ruhusa ya kupanga zamu akaiacha kwa mwenyekiti na mimi. "Na jina la babu mdogo, nifute?"

"Usifute!"

"Basi nalifunga. Litakuwepo, ila haliingii. Na kila akijaribu, kompyuta inaandika."

Hapo moyo wangu ukatulia. Abishe hodi mpaka vidole vife ganzi.

Siku ile tulipokuwa wanne ofisini ndipo akaja mwenyewe, jasho linamtoka. "Shikamoo, shemeji." Tangu msiba alikuwa hanisalimu.

"Sema kwa nguvu, masikio yamezeeka."

"Shikamoo, shemeji! Zamu yangu siioni."

Mjukuu akamsomea hodi zake zote, moja baada ya nyingine. Mwenyekiti alicheka mpaka akavua miwani.

"Zamu yako ipo," nikamwambia. "Saa nane mchana."

"Na jua lote lile? Maji si yataishia juu juu!"

"Basi niuzie hizo kuni."

Mpaka leo anamwagilia saa nane, mimi alfajiri. Kama kuna nilipokosea, aliyekuwepo anisahihishe. Hata shemeji ruksa, ila aje kwa miguu, apige hodi mlangoni.