Nilivyozama Mtaroni Mbele ya Hakimu

Acha niseme ya aibu kwanza ndiyo nipumue: mimi, mtu mzima mwenye watoto, niliwahi kuzama mtaroni hadi kiunoni nikiwa nimevaa suti, mbele ya hakimu, mawakili wawili na mtaa mzima, na jambo hilo limeandikwa kwenye hukumu, kwa hivyo litakuwepo hata nikishazikwa.

Mtaa wetu ni huku Eastlands, mashariki mwa jiji, zile nyumba za zamani zenye uwanja katikati, na nilipokuwa mtoto njia yake ya miguu ilikuwa raha tupu. Wafagiaji walipita kila asubuhi, mtaro ulifunikwa kwa mabamba ya saruji mwanzo hadi mwisho, na juu ya mabamba hayo sisi wavulana tulicheza bano, zile gololi za kioo, wasichana wakaruka kamba, na Mwalimu Mueni akatupanga mstari kwenda shule ya nasari, yeye akiimba mbele na sisi tukiitikia nyuma kama vifaranga. Mwalimu ndiye aliyetufundisha kusoma karibu sote, na hata alipostaafu aliendelea kuniita kwa sauti ileile ya darasani, "Wafula, pangusa kamasi," (nina ndevu mimi) na mimi najikuta napeleka mkono puani.

Basi miaka ikaenda, lori moja likakatiza hapo, bamba likavunjika, shimo likabaki. Tulienda ofisi za jiji kulalamika mpaka askari wa getini akatuzoea, na hakuna aliyekuja. Siku moja mvua ikanyesha ile ya kufunika njia yote, Mwalimu akitoka kanisani akakanyaga maji akidhani chini kuna njia, akaingia. Mimi ndiye niliyemtoa. Alivunjika nyonga, akabaki kutembea kwa mikongojo, lakini kilichotuuma zaidi ni kwamba mama yule aliyekuwa akicheka hadi ukuta wa jirani unasikia, alinyamaza kabisa.

Akalishtaki jiji, mimi nikiwa shahidi wake. Wakili wa jiji akasema shimo kubwa namna ile mtu mwangalifu hawezi kukosa kuliona, kwa hivyo mama alijiangusha mwenyewe kwa uzembe. Hakimu akasema atakuja alione kwa macho yake.

Hapo ndipo nilipojiponza. Nilifikiria hakimu, mtu mzima wa heshima, anakuja mtaani kwetu na kukuta lile shimo linanuka, na limejaa karatasi za mifuko na viatu vilivyokufa, nikaona aibu. (Mtu wa Eastlands ukimwambia mgeni anakuja, atafagia hata barabara.) Asubuhi hiyo nikafagia njia yote, nikaweka plaiwudi juu ya shimo, nikamwaga mchanga juu yake, halafu nikapanga makopo ya maua kando. Mke wangu Adhiambo akasimama mlangoni akiniangalia.

"Baba Brayo, si wanakuja kuona hilo shimo?"

"Wataliona. Nitawafunulia wakishafika. Kwanza wapate picha nzuri."

Wakafika. Mtaa mzima ulikuwa nje, vijana wanaoniita buda, yaani mzee, wamekaa ukutani, Mwalimu ameegemea mikongojo yake. Wakili wa jiji akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akatabasamu.

"Mheshimiwa, mimi naona njia safi yenye maua. Shimo liko wapi?"

Wakili wetu, dada mmoja mpole sana, akanigeukia na uso ambao sijausahau. Nikasahau habari ya kufunua, nikaruka pale katikati nikisema, "Ni hapa, Mheshimiwa, sikiliza, chini ni wazi," na nikapiga mguu ili mwangwi usikike.

Ulisikika. Plaiwudi ilipasuka, nikashuka na suti yangu na tai yangu, maji meusi yakanifika kiunoni na kopo moja la maua likanifuata.

Kijana mmoja ukutani akasema polepole, "Buda amezama."

Wakili wa jiji akawahi, "Mheshimiwa, huyu amelifunika mwenyewe."

Hakimu akamgeukia Mwalimu. "Na wewe mama, siku ile shimo lilifunikwa na nini?"

"Maji ya mvua, Mheshimiwa. Njia nzima."

Hakimu akaandika kwa muda mrefu, na mimi bado nimo ndani, sijui kama naruhusiwa kutoka.

Hukumu ilipotoka, jiji lilipatikana na makosa: njia ni yake, liliambiwa habari za shimo, likaacha tu, na siku ile maji yalilificha. Mwalimu naye akabebeshwa lawama kidogo kwa sababu alijua shimo lipo. Kuhusu mimi kuna sentensi moja, kwamba mahakama haitazingatia kuanguka kwa shahidi, ambako alijiletea mwenyewe. Watu mtaani waliikariri.

Bamba jipya liliwekwa, na Mwalimu sasa anaishi kwa bintiye Machakos. Lakini siku ile, waliponivuta nje nikichuruzika, nilisikia kitu ambacho hatukuwa tumekisikia tangu avunjike: Mwalimu Mueni alicheka, akacheka mpaka Adhiambo akamshika asianguke, na sote tukacheka naye, hata hakimu aligeuza uso.

Nimeapa, mgeni akija tena, awe wa mahakama au wa posa, atakuta mtaa ulivyo. Ila kwa ajili ya kicheko kile, kwa kweli, ningeingia tena shimoni.