Vikuba Sitini Visivyochanua

Saa tisa na nusu alasiri, Bi Mwanaesha Gharib yuko uani kwake, Kibokoni, Mji wa Kale, leso kaifunga kiunoni, anazungumza na mti wa asumini. Anashika tumba moja kwa vidole viwili, halichumi. Anashika la pili, nalo analiacha.

"Wewe kichanga, lala," analiambia la kwanza. "Na wewe kigoli, ngojea kesho. Haya, mwari wangu, ndoo kwangu."

Hilo la tatu analichuma na kulitia kikapuni.

Bi Mwanaesha, mwenye umri wa miaka 61, hutengeneza vikuba, yale mafungu madogo yanukiayo ya asumini, rehani na mkadi ambayo wanawake wa Mji wa Kale hubandika kifuani waendapo harusini. Ni kazi ya miaka thelathini na minane, na muda wote huo tumba hajaliita tumba tu. Lililotokeza jana ni kichanga. Lililonenepa lakini bado lina ukijani ni kigoli. Jeupe, limejaa, limefumba mdomo, huyo ni mwari. Likifunguka ni biarusi. Na lililoanguka chini?

"Huyo ajuza!" anasema, akicheka mpaka anashika ukuta. "Lakini usimkanyage. Naye alikuwa na siku yake."

Maneno hayo aliyarithi kwa mamake pamoja na mti wenyewe. Anasema raha yake ni mvua za mwaka, pale majani yanapokuwa mororo na hata tawi ulilodhani limekufa likatoa chipukizi. "Wazungu wana majira yao ya kuchipua. Sisi twangojea mawingu, na yakija, hata mimi najiona msichana."

Kazi yake ina sharti moja. Huchuma wari peke yao, wala hauzi ua lililokwisha kufunguka. Kikuba hufungwa kingali kimefumba, kikachanulie kifuani mwa mvaaji baada ya Magharibi. Watu wa mtaa wake wanalijua hilo tangu utotoni, na hapo ndipo palipomponza. Hakuwahi kufikiri kwamba yupo asiyejua.

Mwaka jana alipata mteja kutoka Mikindani, nje ya Mji wa Kale, mama aitwaye Mutanu, ambaye mwanawe alikuwa anaoa binti wa Mji wa Kale. Mutanu aliagiza vikuba sitini, kila kimoja shilingi mia na hamsini, akalipa kabisa. Bi Mwanaesha, ambaye wiki nzuri huuza ishirini, hakuwahi kuona oda kama hiyo. Aliumaliza mti wake, akanunua matumba kwenye nyua za majirani watatu.

Saa kumi na moja Mutanu akaja kuchukua mzigo. Alifunua sinia, uso ukamshuka.

"Mama, haya si bado mabichi? Nimelipia maua. Wakwe zangu watasema nimewaletea mboga!"

"Sikiza, mamangu. Hawa ni wari. Ngojea adhana ya Magharibi tu."

"Niende ukumbini na maua yaliyofumba? Hapana. Nirudishie pesa zangu."

Pesa zilikuwa zimekwisha kwa majirani. Na asumini ina jioni moja; ikikataliwa leo, kesho haina mnunuzi. "Hasara niliiona," anakiri Bi Mwanaesha. "Lakini kilichoniuma zaidi ni kuonekana mwongo mbele ya mgeni."

Basi akavaa buibui, akabeba sinia mwenyewe. "Twende sote," akamwambia. "Yakikataa kufunguka, nidai mbele za watu."

Walipanda tuktuk. Ukumbini, wanawake wa upande wa bibi harusi walivipokea vikuba kwa furaha, wakabandikana vifuani, hakuna aliyeuliza lolote. Mutanu alikibandika chake shingo upande, akawa anakichungulia kila dakika.

Adhana ikalia. Mwanzo ilikuja harufu, kidogo, kisha ukumbi mzima. Mutanu akainamisha kichwa, akaona petali mbili zimeachana.

"Nilicheka, halafu nikalia," anasimulia Mutanu. "Nikamshika mama huyu mkono, nikamwomba radhi pale pale. Hakuruhusiwa kwenda nyumbani mpaka ale biriani."

Mwezi mmoja baadaye Mutanu alirudi Kibokoni, mara hii akiomba vipandikizi. Kwake Mikindani kuna nafasi ambayo Mji wa Kale hauna. Walipanda miche saba, na sasa mpango wao ni mmoja: miche ikikomaa, Mutanu achume, Bi Mwanaesha afunge, na harusi kubwa zisikataliwe kwa uchache wa maua. Swali lililokuwa likimnyima usingizi Bi Mwanaesha ni kama miche ya Kibokoni itakubali udongo wa ugenini. Mitano imekauka.

Kikapu kikiwa nusu, simu inalia. Ni Mutanu, na sauti yake inasikika mpaka ng'ambo ya ua.

"Mama! Ile miwili imezaa! Nimehesabu vichanga kumi na vitatu!"

Bi Mwanaesha anaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Anafuta macho kwa pembe ya leso.

"Mashallah. Hongera, mwanangu," anajibu. "Usiwaguse. Ijumaa naja kuwaona, na leso mpya ya mzazi nakuletea."