Mgowe wa Verediana

Verediana wa Igowole alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kichwa kigumu. Kwa hiyo Kasian, mfanyabiashara wa mbao, alipokuja kuulizia shamba lake la mteremkoni ili apande miti ya milingoti, kijiji kizima kilijua jibu atakalopewa. Shamba lile ndilo lililompeleka Frida, mwanawe wa pekee, kusomea udaktari Ukraine. Mahindi na viazi vya mteremko ule viligeuka ada mwaka hadi mwaka, na Verediana alipenda kuwaambia wenzake kanisani kwamba binti yake anasomeshwa na mbolea.

Halafu majeshi ya Urusi yakavuka mpaka, Februari ya mwaka 2022, na mji aliosoma Frida ukaanza kupigwa mabomu. Frida alilala kwenye stoo ya chini ya hosteli, akasafiri kwa treni akiwa amesimama hadi mpakani, na mwezi Machi akashuka kwenye basi pale Mafinga na begi la mgongoni tu. Cheti hana, hata koti lake liliachwa huko. Verediana alilia barabarani mbele za watu bila kuona haya.

Lakini vita havikuishia kwa Frida. Vilifika hadi dukani Igowole. Bei ya mbolea ilipanda mpaka muuza duka akawa anaitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba. Wateja waliguna, wakaondoka. Verediana naye aliguna, akaondoka. Udongo wake ulishazoea kulishwa cha dukani. Ukinyimwa, mahindi yangetoka manjano, na bila mahindi Frida asingerudi darasani, si huko wala hapa nchini. Kasian akarudi, safari hii mpole, na upole wake ndio uliomuudhi Verediana zaidi.

"Mama, shamba bila mbolea la nini? Niuzie, binti amalizie masomo."

"Na mwaka unaofuata niuze nini? Nimuuze Frida?"

Frida mwenyewe hakutoka sana ndani. Ng'ambo ya bonde watu walikuwa wakikata misindano, na kila mti ulipoanguka kwa kishindo, yeye alijikuta chini ya meza. "Ni mti tu, mwanangu," mama yake alimwambia. "Najua ni mti, Mama," alijibu kutoka kule kule chini.

Verediana akafanya uamuzi. Zamani, kabla ya mifuko ya mbolea, mama yake alifukia nyasi mbichi ndani ya matuta mvua zinapokaribia kwisha, zikaoza humo hadi msimu wa kupanda. Naye angefanya hivyo. Ila shamba lilikuwa kubwa, nyasi zingekauka kabla hajafika nusu. Ilibidi aite mgowe. Unaandaa togwa na ulanzi, ile pombe ya mianzi, unaita watu, wanakuja na majembe. Mnaanza pamoja, mnakwenda safu moja, anayechelewa anasubiriwa, na siku nyingine nawe unakwenda kwao.

Hapo ndipo penye aibu. Miaka miwili nyuma, mambo yalipokuwa mazuri, jirani yake Alinanuswe aliita mgowe. Huyu ni mjane aliyeolewa hapa kutoka Tukuyu, na watu wote humwita Mama Filemoni. Verediana hakwenda. Alimtuma kibarua, akamlipa mwenyewe, akajiona mtu wa maana sana. Igowole nzima iliona ametukana. Kwenye mgowe mtu haleti nguvu za kununua, analeta mgongo wake.

Sasa mgongo wake mwenyewe ulihitajika. Kuomba radhi kwa mdomo hakukuwa kazi aliyoiweza, basi alichukua jembe akaenda kila mgowe ulioitishwa, awe ameitwa au hakuitwa. Kwa Alinanuswe, siku ya kulima bustani ya bondeni, alifika kabla ya mwenye shamba.

"Kamwene," Alinanuswe alimsalimia, akampa kipande chenye mizizi kuliko vyote. Verediana alikilima chote.

Ikafika siku yake. Watu walianza kuja mmoja mmoja, na moyo wake ukatulia kidogo kila lilipoonekana jembe. Kisha akatokea mwanamume mmoja, kibarua wa pale sokoni.

"Nimetumwa na Mama Filemoni," alisema. "Nimeshalipwa."

Shamba zima likamgeukia Verediana. Alisikia masikio yakiwaka moto. Ilimuuma, na alijua ameyataka mwenyewe.

"Karibu," alisema. "Chukua tuta la pale."

Kicheko kikasikika njiani. Alinanuswe alikuwa anakuja, jembe begani.

"Nilitaka uonje kidogo, Mama Frida."

"Nimeonja. Ni chungu."

"Basi tulime. Na huyu alime pia, hela yangu ameshaichukua."

Wakacheka wote, safu ikaanza kuteremka. Nyasi zilifyekwa, zikalazwa, zikafunikwa udongo. Frida alikuwa akipita na ndoo ya togwa, mara mti mkubwa ukaanguka ng'ambo. Bonde lilitetemeka. Ndoo ikaenda upande wake, naye akajitupa mtaroni kati ya matuta, mikono kichwani.

Verediana alikuwa mwisho wa safu. Alitupa jembe akakimbia, lakini Alinanuswe alikuwa karibu zaidi. Mama yule alilaza jembe lake, akajilaza mtaroni ubavuni mwa Frida, na kanga yake safi ikaingia kwenye togwa na matope. Hakumshika, hakumwambia nyamaza. Na kwa kuwa sehemu moja ya safu ilikuwa imesimama, safu yote ilisimama. Watu waliketi juu ya matuta, wakasubiri. Verediana alipofika naye aliketi, akawapenda watu wale kuliko alivyowahi kuwapenda.

"Ni mti," Frida alisema hatimaye.

"Ni mti," Alinanuswe alikubali. "Tumeusikia wote."

Frida akainuka, akajipangusa uso. Hakurudi nyumbani. Aliliokota jembe la mama yake lilipokuwa limeanguka, akaingia kwenye safu.

Jioni shamba lilikuwa jeusi toka juu hadi bondeni. Pikapu ya Kasian ilipita barabarani, ikapunguza mwendo. Verediana alimpungia mkono kwa heshima zote, na pikapu ikaendelea na safari yake.

Alinanuswe alikuwa anakwangua udongo kwenye jembe.

"Alhamisi ni kwangu tena, Mama Frida. Na usinitumie mtu."

Verediana alifungua mdomo, lakini Frida alimwahi.

"Tutakuja wawili," alisema.