Miezi Sita Niliyolipia Katesh

Tulipotengwa na Arusha tukawa Mkoa wa Manyara, watu wa Katesh walichangamka kama vile mkoa mzima unajengwa uani kwao. Mwenye nyumba wangu ndiye aliyewazidi wote. Alikuwa kijana aliyeachiwa vyumba vinne na baba yake. Mimi nilipanga cha mbele. Nilipika humo chai, maandazi na makande, na nyuma ya pazia nililala na wanangu watatu. Nilikuwa nimemlipa kodi ya miezi sita, na mjumbe wetu wa nyumba kumi alishuhudia kwa macho yake.

Mwezi wa tatu wa kodi hiyo, kijana akaja asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Mama, kuanzia sasa..."

"Na ng'ombe?"

"Wazima. Mama, nisikilize kwanza. Kodi imepanda mara mbili. Maofisa wa mkoa wanakuja, wanatafuta vyumba."

"Mkoa uko Babati, mwanangu. Hao maofisa walale Katesh, kazini wafike saa ngapi?"

Mteja wangu mmoja alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Kijana akaona aibu, na mtu akishaona aibu hasikii tena. "Basi utoke Ijumaa."

"Nitatoka miezi yangu ikiisha."

Nilijibu kwa ukali, kisha nikabaki nikipiga hesabu. Mahindi ya Endasak, kwetu, yalikuwa bado mabichi shambani. Chumba kile ndicho kilichokuwa kinalisha wanangu, na watu wa mnadani walishakizoea. Nikitoka pale tunakula nini?

Ijumaa ilipita, sikutoka. Siku ya mnada nilikwenda bombani kuchota maji. Niliporudi, mlango wangu wa bluu haupo. Zimebaki bawaba tu, na upepo wa mlimani unaingia ndani kama mwenye nyumba. Jirani akaniambia, "Amekuja na bisibisi, akaufungua, akaubeba kichwani. Hata salamu hakutoa." Nikaelewa hesabu yake. Mwanamke hawezi kuishi chumba kisicho na mlango, ataondoka mwenyewe.

Nikatundika kanga mlangoni, upepo ukawa unaipeperusha, nikawasha moto. Sasa waliokuwa wanapita bila kuona ndani wakaliona sufuria linafuka. Kabla ya saa sita makande yalikuwa yamekwisha. Lakini usiku ule sikufumba jicho, nilikaa na mwiko mkononi. Kulipokucha nikamchukua mjumbe, tukaenda baraza la kata.

Kijana aliitwa. Akaja mpole kama kondoo.

"Wazee wangu, huyu mama nampenda kama mama yangu mzazi. Ule mlango umeoza. Nimeupeleka kwa fundi."

"Fundi gani?" mwenyekiti akauliza.

"Yupo huku chini."

Kulikuwa na mama mmoja kwenye baraza, nyumba yake iko jirani na ya kijana yule. Akavuta kitenge chake vizuri. "Huyo fundi anafuga mbuzi? Maana mlango wa bluu nimeuona leo asubuhi umefunga zizi lako."

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akagonga meza, ila mabega yake nayo yalikuwa yanatikisika. Alipotulia akasema, "Ulipopokea kodi ya miezi sita, hiyo miezi si yako tena. Ukitaka kupandisha, ngoja iishe, na umpe notisi ya maandishi mapema. Hata akigoma kutoka, si kazi yako kumtoa. Unaleta shauri. Mlango urudi leo."

Sheria hiyo nilijifunza nikiwa nimesimama, mimi niliyeishia darasa la tatu, na sijaisahau. Wajukuu wangu wanaopanga mjini huwa nawauliza kwanza: nani alishuhudia?

Mlango ulirudi jioni unanuka beberu. Nikausugua kwa sabuni na maji ya moto. Asante sikumpa.

Mwezi wa tano alikuja na karatasi. Akaamkia vizuri, akanisomea mwenyewe mbele ya mjumbe. Kodi ingepanda miezi yangu ikiisha, lakini si mara mbili tena. Wale maofisa hakuna aliyekuwa amewaona. Nikafikiri, nikakubali, maana safari hii jambo lilikuja kwa njia yake. Ila nikamwambia aongeze mstari mmoja: mwaka mzima hapandishi tena.

"Mama, wewe mkali."

"Wewe andika. Huyo mkali ataweka sahihi."